Mguu Mmoja na Miezi Mitatu

Nyakalengija ni kijiji kinachoishi kwa miguu. Ukitoka Kasese mjini kwa barabara ya Fort Portal, kisha ukakata kushoto kuelekea bonde la Mto Mubuku, unafika mahali magari yanapokoma, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, karibu na lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori. Hapo wapagazi wa Kikonzo hubeba mizigo ya wageni na kuanza kupanda: usiku wa kwanza Nyabitaba, wa pili John Matte, wa tatu Bujuku, kisha Elena, chini ya barafu ya Margherita, kilele chenye mita 5,109. Wasiopanda mlima wanapanda mashamba. Kahawa iko kwenye mteremko, mihogo iko kwenye mteremko, na maji yako bondeni.

Mahali kama hapo, mtu akisema mguu unamuuma hakuna anayeshtuka. Ataambiwa apumzike, akandwe kwa maji ya moto, anunue vidonge vya diklofenaki kwenye duka la dawa. Mara nyingi ushauri huo unatosha, kwa sababu mara nyingi mguu umechoka tu. Naandika kwa ajili ya mguu ule mwingine, ambao haukuchoka bali umeziba. Ndani ya mshipa wake mkubwa damu imeganda, na donge hilo linaweza kung'oka, likapita kwenye moyo, likakwama kwenye mapafu na kumuua mtu ambaye jana alikuwa anachechemea tu.

Hoja yangu ni hii: mguu wenye donge la damu hautambuliwi kwa ukali wa maumivu. Unatambuliwa kwa maswali mawili yanayoulizwa pamoja. La kwanza: je, ni mguu mmoja? La pili: ni nini kimempata mwenye mguu huu katika miezi mitatu iliyopita? Anayeuliza la kwanza peke yake atakosea mara nyingi. Anayeuliza yote mawili, hata kama si daktari, anaweza kuokoa maisha.

Damu nayo hupanda mlima

Moyo husukuma damu kwenda chini hadi kwenye vidole bila taabu. Kazi ngumu ni kuirudisha juu. Damu inayorudi kutoka kifundo cha mguu hadi moyoni hupanda karibu urefu wote wa mtu, na moyo hauna namna ya kuivuta. Kinachoisukuma ni misuli ya tafu, yaani shavu la mguu. Kila hatua tunayopiga, misuli hiyo huibana mishipa iliyozama ndani yake, damu ikapanda kidogo, na vilango vidogo ndani ya mshipa hufunga nyuma yake ili isirudi chini. Mtu akitembea, mtambo huo unafanya kazi. Akilala siku nyingi, akikaa saa nyingi mguu umekunjwa, au akifungwa plasta, mtambo unasimama na damu inatuama kama maji kwenye mfereji ulioziba.

Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, alichunguza jambo hili katikati ya karne ya 19, na maandishi yake ya mwaka 1856 ndiyo chimbuko la mafundisho tunayoyatumia hadi leo. Damu huganda pasipotakiwa kwa sababu tatu: imetuama, au ukuta wa mshipa umejeruhiwa, au damu yenyewe imekuwa nyepesi kuganda kuliko kawaida. Sababu moja huweza kutosha, lakini hatari hukua zinapokutana. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji anazo zote tatu kwa wakati mmoja: mishipa ya nyonga imebanwa na kujeruhiwa, damu yake imejiandaa kuganda ili asivuje hadi kufa, na amelala kitandani. Kwa heshima ya mafundisho hayo, siku ya kuzaliwa kwa Virchow, tarehe 13 Oktoba, imekuwa tangu mwaka 2014 siku ya dunia ya kukumbushana kuhusu madonge ya damu.

Dalili zinazoonekana, na zile tunazozikosa

Dalili kuu ni uvimbe wa mguu mmoja unaokuja kwa siku chache, au hata kwa saa chache. Mara nyingi huanzia kwenye tafu. Donge likiwa juu zaidi, mguu mzima huvimba hadi pajani. Maumivu yake huwa kama ya msuli uliokaza usioachia, na huzidi mtu akisimama au akitembea. Ukiweka mgongo wa kiganja juu ya tafu zote mbili, ule mguu mbovu huwa na joto zaidi. Ukiibonyeza ngozi kwa kidole, shimo hubaki. Wakati mwingine vimishipa vya juu ya ngozi ambavyo havikuwa vikionekana hutokeza, kwa sababu damu iliyozuiwa ndani inatafuta njia ya pembeni.

Vitabu vingi vya udaktari husema mguu huo huwa mwekundu. Vitabu hivyo viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo huenda usionekane kabisa, na mhudumu anayeungoja ataupitisha mguu mgonjwa kama mguu mzima. Tafuta mambo mengine: ngozi iliyovutika ikang'aa, rangi iliyoiva kuwa nyeusi zaidi au kuelekea zambarau kuliko ya mguu wa pili, na mistari ya kawaida ya ngozi iliyofutika kwa kujaa. Linganisha miguu miwili mahali penye mwanga, mgonjwa akiwa amevua viatu na kupandisha nguo hadi mapajani. Mguu mmoja hausomeki bila wa pili kando yake.

Kipo kifaa cha kusaidia kulinganisha, nacho kimetundikwa shingoni mwa kila fundi cherehani wa Kasese na Bwera: tepu ya kupimia. Tafuta nundu ya mfupa iliyo chini kidogo ya kifuniko cha goti. Kutoka hapo shuka sentimita 10 na uweke alama. Zungusha tepu kwenye tafu hapo kwenye alama, kisha fanya vilevile mguu wa pili. Tofauti ikizidi sentimita 3, hiyo ni dalili inayohesabiwa katika kipimo cha alama kilichotengenezwa na Philip Wells na wenzake nchini Kanada katika miaka ya 1990, ambacho madaktari wa nchi nyingi wanakitumia. Kwa mjamzito, tofauti ya sentimita 2 tu inatosha kutushtua.

Jambo la kusisitiza: wapo wenye donge ambao mguu wao haujavimba sana, na wapo ambao hawasikii maumivu. Mguu kuonekana mzima hakumalizi maswali iwapo mtu amekatwa pumzi ghafla.

Miguu mingine inayovimba

Eneo letu lina sababu nyingi za miguu kuvimba, na ni haki kuzitaja ili hofu isizidi elimu. Miguu yote miwili ikivimba polepole kwa majuma, fikiria moyo, figo, ini, upungufu wa chakula, au ujauzito uliosonga mbele. Mjamzito aliyevimba miguu yote miwili pamoja na uso na mikono, akiumwa kichwa, apimwe shinikizo la damu siku hiyo hiyo. Hiyo ni hatari ya aina nyingine.

Kuna pia uvimbe unaotokana na udongo wenyewe. Mwaka 2015 wachunguzi wa afya walikwenda wilaya ya Kamwenge, mashariki ya kwetu, kufuatilia watu waliovimba miguu kama matende. Walikuta haukuwa ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na mbu. Ulikuwa podokoniosisi, ambao huwapata wanaotembea na kulima pekupeku kwa miaka mingi kwenye udongo uliotokana na volkano. Chembe za udongo hupenya ngozi na kuharibu njia za majimaji ya mwili. Uvimbe huo hujenga nyumba yake kwa miaka. Ngozi huwa nene na kukwaruza. Donge la damu halina subira hiyo. Anayejua kutofautisha mwaka na wiki amekwisha kutenganisha magonjwa haya mawili.

Ngumu zaidi kutenganisha ni maambukizi ya ngozi na msuli uliochanika. Maambukizi huja na homa, na mara nyingi pana kidonda au mkwaruzo yalipoingilia. Msuli kuchanika huja na tukio linalokumbukwa: aliteleza kwenye utelezi wa Mubuku, akasikia kitu kikikatika. Hata hivyo, mguu ulioumia nao huweza kuganda damu baadaye. Kama uvimbe unazidi badala ya kupungua, rudi kwenye swali la pili.

Lipo jambo jingine ambalo sitalipita kimya. Mguu ukivimba ghafla bila kidonda, wengi Afrika Mashariki husema mtu amekanyaga dawa aliyotegewa njiani. Simdharau anayesema hivyo. Anatafuta sababu ya jambo lililokuja bila kubisha hodi. Namwomba tu achukue sababu nyingine pamoja na hiyo, aende hospitali kwanza, na asiruhusu mguu huo kuchanjwa wala kukandwa kwa nguvu. Kukanda kunaweza kulisukuma donge, na chale alizochanjwa leo zitavuja damu kesho atakapoanza dawa ya kuzuia kuganda.

Miezi mitatu iliyopita

Watu wa Kasese wanaijua mbinu hii ya kuuliza maswali mawili, ingawa walijifunza kwa ugonjwa mwingine. Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyekuwa ametoka Kongo na familia yake alifikishwa Hospitali ya Kagando. Wahudumu wa pale hawakuishia kwenye dalili za mwili. Waliziunganisha na mahali alikotoka, wakashuku Ebola, akahamishiwa kituo cha matibabu cha Bwera, na vipimo vikathibitisha. Mtoto hakupona, lakini kuunganisha dalili na historia kuliifanya Uganda iutambue ugonjwa ulipovuka tu mpaka. Dalili peke yake ingeweza kuwa malaria. Historia ndiyo iliyobadilisha maana ya dalili.

Mguu uliovimba unahitaji mhudumu wa namna hiyo. Mambo tisa yanayoongeza alama katika kipimo cha Wells yamegawanyika: matano ni ya mguu wenyewe, manne ni ya maisha ya mgonjwa. Haya ndiyo ya kuulizwa hapa kwetu.

Kwanza, uzazi. Ujauzito huongeza hatari ya donge takriban mara 5 kuliko kwa mwanamke wa umri uleule asiye mjamzito, na wiki 6 baada ya kujifungua ndizo za hatari kubwa kuliko zote. Kwa mjamzito, donge huwa mguu wa kushoto mara nyingi zaidi, na sababu yake inaonekana kwa macho ya daktari wa upasuaji: mshipa unaorudisha damu kutoka mguu wa kushoto hupita chini ya mshipa wa ateri ya kulia, na mimba inapoelemea juu yake unabanwa. Upasuaji wakati wa kujifungua, kupoteza damu nyingi, maambukizi ya kizazi na unene mkubwa huongeza hatari hiyo. Mila ya kumpumzisha mzazi hadi arobaini yake ni ya huruma na ina faida zake, lakini kupumzika kusiwe kulala. Ainuliwe kitandani mapema, atembee uani, anywe maji ya kutosha.

Pili, upasuaji, kuvunjika na kulazwa. Aliyefanyiwa upasuaji mkubwa, hasa wa nyonga, goti au tumbo, hubaki na hatari iliyozidi kwa takriban wiki 12. Hapo ndipo hesabu yangu ya miezi mitatu inapotoka. Kijana aliyeanguka na bodaboda akafungwa plasta anaingia humo. Mzee aliyelala siku tatu na zaidi kwa ugonjwa wowote mkali anaingia humo.

Tatu, magonjwa yanayoifanya damu iwe nyepesi kuganda. Saratani ni kubwa kati yao. Wakati mwingine donge la mguu ndilo tangazo la kwanza la saratani iliyojificha tumboni. Wanaoishi na VVU wana hatari iliyozidi ya wengine, na kifua kikuu nacho huongeza. Ng'ambo ya milima yetu, Bundibugyo ni miongoni mwa wilaya za Uganda zenye watu wengi waliorithi chembe ya selimundu. Ugonjwa wa selimundu huongeza hatari ya madonge, na ndugu zetu wa pande zote za Rwenzori wanaoana. Aliyewahi kupata donge zamani hatari yake haifutiki kwa miezi mitatu. Kama mzazi, kaka au dada aliwahi kulipata, litajwe pia.

Nne, dawa za uzazi wa mpango. Vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari, zaidi katika miezi ya mwanzo. Sisemi wanawake waviache. Mimba yenyewe ina hatari kubwa kuliko kidonge. Nasema anayevitumia aitaje dawa hiyo akiulizwa, na kwamba aliyewahi kupata donge achaguliwe njia nyingine, kama kitanzi.

Tano, safari. Basi la Kasese hadi Kampala huchukua sehemu kubwa ya siku, na madereva wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Mpondwe kuingia Kasindi, kuelekea Beni na Butembo, hukaa kwenye kiti kwa saa zisizohesabika. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti wake kuhusu safari: kukaa zaidi ya saa 4 bila kujisogeza huongeza hatari takriban mara 2, iwe ni kwa ndege, gari moshi au basi. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, karibu mtu 1 kati ya 6,000. Lakini mama aliyetoka kujifungua wiki tatu zilizopita, akapanda basi la usiku kurudi kwao Bwera, hasafiri na hatari ya mtu mwenye afya.

Mlima haumsamehi kijana

Wapo watakaosema: haya ni ya wazee na wagonjwa, mpagazi wa Nyakalengija mwenye miguu ya chuma yanamhusu nini? Nitajibu kwa kisa cha mlima mwingine. Agosti 1953 kikosi cha Wamarekani, kikiongozwa na daktari Charles Houston, kilikuwa kwenye mlima K2 huko Pakistani. Tufani iliwafungia hemani kwa siku kadhaa, katika kambi ya karibu mita 7,700. Mmoja wao, Art Gilkey, mwanajiolojia wa miaka 26, alitoka hemani akaanguka. Alidhani msuli umekaza. Houston alipoutazama mguu wake alitambua kuwa damu imeganda. Baadaye madonge yakafika mapafuni.

Mtu huyu hakuwa mzee wala mgonjwa. Alikuwa ametimiza masharti mawili kati ya matatu ya Virchow bila kujua: siku nyingi amelala miguu imekunjwa, maji mwilini yamepungua, na mwili umeongeza chembe nyekundu za damu kwa sababu ya hewa nyembamba hadi damu ikawa nzito. Wenzake hawakumwacha. Walimfunga kwenye mfuko wa kulalia na kumteremsha kwa kamba katikati ya dhoruba. Walipoteleza, Pete Schoening aliwazuia wote kwa shoka moja la barafu. Muda mfupi baadaye Gilkey alitoweka na poromoko la theluji, na mnara wa mawe uliojengwa kwa kumbukumbu yake upo hadi leo chini ya mlima ule.

Rwenzori si K2. Mzunguko wa Nyakalengija huchukua takriban wiki moja, watu wanatembea karibu kila siku, na kwa mpandaji mwenye afya hatari ni ndogo. Lakini mvua ya Rwenzori inaweza kuwafungia watu kibandani siku nzima, baridi huwafanya wasinywe maji, na mgeni huwa ametoka kwenye ndege ya saa nyingi siku mbili kabla. Kwa hiyo nawashauri waongozaji jambo moja: mtu akilalamikia tafu moja asubuhi baada ya usiku wa mapumziko, asiambiwe ni uchovu kabla ya miguu miwili kutazamwa. Ikiwa mmoja umevimba, ateremshwe angali anaweza kutembea. Kutoka Bujuku hadi Nyakalengija ni mbali mno kumbeba mtu ambaye pumzi imekwisha kumkata.

Donge likifika mapafuni

Dalili za donge lililofika mapafuni ni kukatwa pumzi ghafla bila sababu, kifua kuchoma mtu akivuta hewa, moyo kwenda mbio, kukohoa damu, au kuzimia. Moja ya hizo kwa mtu mwenye mguu uliovimba, au mwenye historia niliyoitaja, ni dharura ya saa hiyo. Asingoje asubuhi.

Mwanatenisi Serena Williams alijifungua kwa upasuaji tarehe 1 Septemba 2017. Siku iliyofuata alikatwa pumzi. Alikuwa amewahi kupata madonge mapafuni mwaka 2011, kwa hiyo alijua. Alimwambia muuguzi anahitaji picha ya kifua na dawa ya heparini. Kwa maelezo yake mwenyewe, muuguzi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Walianza kwa kumpima miguu kwa altrasaundi, hawakukuta kitu. Picha ya kifua ilipopigwa hatimaye ilionyesha madonge mapafuni. Huyu ni mwanamke tajiri, maarufu, katika nchi yenye mashine zote, na bado ilimlazimu kusisitiza.

Mama wa Nyakalengija hana jina hilo la kumtetea, kwa hiyo nampa maneno. Akifika mapokezi aseme hivi: "Musawo, nilijifungua wiki mbili zilizopita. Mguu huu mmoja umevimba tangu juzi. Tangu asubuhi napumua kwa shida." Sentensi hizo tatu zina historia, mguu na pumzi. Mhudumu anayezisikia kwa mpangilio huo hawezi kuandika "maumivu ya mguu" akampa panadoli.

Hospitalini, na baada ya hapo

Kituo cha afya cha ngazi ya tatu ni mahali pa kushuku na kuelekeza. Si pa kumalizia. Mgonjwa anahitaji kufika penye daktari na altrasaundi: Bwera, Kagando, Kilembe, St. Paul's mjini Kasese, au rufaa ya Fort Portal. Kipimo chenyewe hakina maumivu. Daktari huubana mshipa kwa kichwa cha mashine, kwenye kinena na nyuma ya goti. Mshipa mzima hunyauka kama mpira usio na maji. Wenye donge haunyauki.

Kama altrasaundi itachelewa na dalili zinaelekea kwenye donge, miongozo ya Uingereza inasema mgonjwa aanzishiwe dawa wakati kipimo kinasubiriwa iwapo hakitapatikana ndani ya saa 4, mradi hana hatari kubwa ya kuvuja damu. Kwetu, ambako kipimo kinaweza kuwa umbali wa siku, kanuni hiyo ina uzito zaidi kuliko huko ilikoandikwa.

Faida ya dawa hizi haina shaka. Mwaka 1960 madaktari Barritt na Jordan wa Bristol, Uingereza, walichapisha jaribio dogo kwa wagonjwa wenye madonge mapafuni. Kati ya 19 wasiopewa dawa, 5 walikufa kwa ugonjwa huo. Kati ya 16 waliopewa, hakufa hata mmoja kwa donge. Jaribio likasimamishwa, kwani isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Dawa haiyeyushi donge. Inalizuia lisikue ili mwili wenyewe ulimeng'enye polepole. Huanza mara nyingi kwa sindano ya heparini, kisha vidonge kwa muda usiopungua miezi mitatu. Warfarini ni rahisi kwa bei lakini inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na mboga za majani kama sombe na dodo ziliwe kwa kiasi kinachofanana kila wiki, si kuachwa. Vidonge vipya kama rivaroksabani na apiksabani havihitaji vipimo hivyo, na Shirika la Afya Duniani liliiweka aina hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Mjamzito hutibiwa kwa heparini, kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anayenyonyesha anaweza kutumia heparini au warfarini, si vile vidonge vipya. Anayemeza rifampisini ya kifua kikuu amwambie daktari, kwani inapunguza nguvu ya dawa hizi. Na diklofenaki iachwe kabisa: kabla ya matibabu huficha maumivu huku donge likikua, na wakati wa matibabu huongeza kuvuja damu.

Asiyetibiwa akanusurika huenda akabaki na mguu mzito, mweusi kifundoni, wenye kidonda kisichopona. Kwa mtu ambaye shamba lake liko kwenye mteremko, huo ni umaskini unaoingia kupitia mguuni.

Ninachokiomba

Siombi mashine mpya kwanza, ingawa zinahitajika. Naomba kila kituo cha afya kati ya Nyakalengija na Mpondwe kiwe na tepu ya fundi cherehani iliyotundikwa ukutani karibu na mizani ya watoto. Naomba kila mama anayeruhusiwa kutoka wodi ya wazazi aambiwe kwa lugha yake, mbele ya mumewe au mama mkwe, kwamba mguu mmoja ukivimba ndani ya wiki sita arudi siku hiyo hiyo. Naomba wahudumu wa afya wa vijijini, wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za homa na kuhara, waongeze swali moja kwa kila aliyetoka hospitalini: "Tuonyeshe miguu yote miwili."

Wewe unayesoma, fanya hivyo leo nyumbani kwako ikiwa yupo aliyejifungua, aliyefanyiwa upasuaji au aliyelala siku nyingi. Mketishe mlangoni penye mwanga, akunjue nguo, utazame tafu ya kushoto kisha ya kulia. Zikifanana, mshukuru Mungu, na mtembee naye kidogo uani. Zisipofanana, tafuta bodaboda.